Kuajiri Mafundi Bustani wa Karibu kwa Kazi ya Matandazo, Udongo na Kokoto: Mwongozo Kamili

Kazi ya matandazo (yale yanayotandazwa juu ya udongo wa tuta, kama miti iliyosagwa), udongo na kokoto ina jambo moja linaloitenga na kazi nyingi za ufundi wa nyumbani: ikishakamilika, sehemu iliyo muhimu kuliko zote haionekani tena. Mlango uliopinda utauona siku hiyohiyo. Njia ya kokoto isiyo na msingi hupendeza siku ya kukabidhiwa sawasawa na ile yenye msingi, na tofauti yake utaijua baada ya mvua kubwa tatu au nne, fundi akiwa ameshalipwa na kwenda zake.

Nililijua hili kupitia njia yangu ya kwanza, ya kutoka getini hadi mlangoni. Kokoto zilimwagwa juu ya mfinyanzi uliokwanguliwa majani tu. Miezi michache baadaye gurudumu la toroli lilikuwa likizama, na nilipochimba nilikuta nusu ya kokoto zimemezwa na tope. Fundi hakunidanganya. Nilimwambia anipangie kokoto, naye akanipangia kokoto. Hakuna aliyetaja msingi, kina wala maji yanapopita, kwa sababu mimi sikujua kwamba hayo ndiyo ya kutajwa. Ndiyo maana katika mwongozo huu sehemu kubwa ya kazi ya mwajiri iko kabla ya fundi kushika beleshi, na inayobaki iko katika kuona kila tabaka kabla halijafunikwa.

Hatua ya 1: Ijue kazi kabla ya kumtafuta mtu

Ukisema "nataka kokoto" au "nataka udongo", bado hujasema kitu. Kokoto za kupita watu, za kupita gari na za kuchujia maji kando ya ukuta ni kazi tatu zenye vifaa tofauti na kina tofauti. Udongo wa kujazia bonde si udongo wa kupandia maua. Kwa hiyo andika kwa sentensi moja kila sehemu itatumika kwa nini na itabeba nini: watu, gari, mimea, au maji.

Kisha chora eneo kwenye karatasi. Hauhitajiki usanifu, mistari ya mkono inatosha. Weka alama mahali penye miti, mabomba ya maji, nyaya za umeme zilizofukiwa, shimo la maji taka na mfuniko wake, na njia ambayo lori litapita. Kama kuna nyaya au mabomba usiyoyajua yalipo, waulize wanaotoa huduma hizo wakuonyeshe kabla ya kuchimba. Beleshi likigusa waya wa umeme, hapo si suala la fedha tena.

Jambo ambalo watu wengi hawalifanyi, nami nalihimiza kuliko yote katika hatua hii: toka nje wakati mvua inanyesha. Tazama maji yanaanzia wapi, yanatuama wapi, yanaelekea wapi. Piga picha. Picha tano za namna hiyo zitamweleza fundi mambo ambayo saa nzima ya mazungumzo siku ya jua haitamweleza.

Hatua ya 2: Pima mwenyewe

Usimwachie mwuzaji wa vifaa akukadirie. Hesabu ni rahisi: urefu mara upana mara kina, vyote kwa mita, na jibu ni mita za ujazo. Tuta la maua lenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 3, likitandazwa kwa unene wa sentimita 8, linahitaji 12 × 3 × 0.08, yaani mita za ujazo 2.88. Eneo lenye umbo la ovyoovyo ligawe katika mistatili na pembetatu kisha ujumlishe. Duara ni nusu kipenyo mara nusu kipenyo mara 3.14, halafu mara kina.

Njia ya kokoto yenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 1.2 ina mita za mraba 18. Msingi wa sentimita 10 ni mita za ujazo 1.8, na tabaka la juu la sentimita 4 ni mita za ujazo 0.72. Lakini msingi hushindiliwa, na ukishindiliwa hupungua, kwa hiyo ongeza kati ya asilimia 15 na 20 na uagize kama mita za ujazo 2.1. Udongo mpya uliomwagwa nao hulala kadiri siku zinavyokwenda, kwa hiyo tuta lililojazwa hadi ukingoni leo litakuwa limeshuka baada ya msimu mmoja.

Kuna hesabu nyingine inayosahauliwa: udongo unaotolewa. Ukichimba sentimita 14 kwenye njia hiyohiyo unatoa mita za ujazo 2.52 zilizokuwa zimeshikamana. Zikishalegezwa huvimba kwa robo au zaidi, na unabaki na lundo la zaidi ya mita za ujazo 3. Nani atalihamisha, na litakwenda wapi? Ugomvi mwingi wa mwisho wa kazi huanzia kwenye lundo hilo.

Uzito pia ni wa kuujua. Mita moja ya ujazo ya kokoto huwa na tani 1.5 hadi 1.7. Udongo mkavu wa bustani uko karibu na tani 1.2 hadi 1.5, na ukilowa huongezeka sana. Matandazo ya mbao ni mepesi, aghalabu chini ya nusu tani. Hapo unaona kwa nini udongo na matandazo ni bora kununuliwa kwa ujazo. Ukinunua kwa uzito baada ya mvua, unalipia maji.

Hatua ya 3: Vijue vifaa vyenyewe

Hapa ndipo ninapokuomba utumie muda mwingi. Mwajiri anayejua kokoto yenye kona na isiyo na kona hazifanyi kazi moja atapata kazi nzuri hata kwa fundi wa kawaida.

Tuanze na matandazo. Kazi yake ni kuzuia unyevu usipotee, kukandamiza magugu na kuukinga udongo dhidi ya jua na matone ya mvua. Vipande vikubwa vya miti iliyosagwa hutandazwa kwa unene wa sentimita 7 hadi 10. Yale laini yaishie kama 5, kwa sababu yakiwa mazito hushikamana na kuzuia maji na hewa. Yakiwa membamba kupita kiasi, magugu hutokeza bila shida. Yasigusane na shina la mti: acha nafasi ya upana wa kiganja pande zote. Utaona mara nyingi matandazo yamelundikwa kuzunguka shina kama kichuguu, na watu huyaona maridadi. Gome linalofunikwa na unyevu muda wote huoza, na mizizi huanza kuota ndani ya lundo na kulizunguka shina hadi kulikaba. Mti haufi mwaka huohuo, na ndiyo maana anayeua hajulikani. Yaweke pia mbali na ukuta wa nyumba, sentimita 15 au zaidi, hasa palipo na mchwa.

Kabla ya kuyakubali, yanuse. Matandazo mazuri yana harufu ya mti au ya udongo wa msituni. Yakitoa harufu kali ya siki au ya mayai yaliyooza, yalilundikwa muda mrefu bila hewa na yamekuwa na asidi inayoweza kuunguza mimea michanga ndani ya siku chache. Uliza pia yametokana na nini. Mbao kuukuu za ujenzi zinaweza kuwa zilitiwa dawa zenye shaba, kromi na aseniki, na rangi nzuri iliyonyunyizwa juu huficha asili hiyo. Usiruhusu mbao mbichi zilizosagwa zichanganywe ndani ya udongo wa kupandia: vijidudu vinavyoziozesha huchukua naitrojeni na kuacha mimea ikiwa na majani ya manjano. Zikikaa juu tu, hakuna shida.

Udongo ni mgumu zaidi kuuhukumu kwa macho, lakini vipimo vyake ni vyepesi. Chukua chupa ya kioo, weka udongo hadi theluthi moja, jaza maji, tikisa kwa nguvu kisha iache. Mchanga hutua ndani ya dakika moja au mbili, chembe za kati hutua ndani ya saa chache, na mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Tabaka zitakuonyesha unanunua nini. Udongo wa tifutifu, wenye mchanganyiko wa vyote vitatu, ndio wa kupandia. Kipimo kingine: finyanga donge kiganjani, kisha liguse kwa kidole. Likivunjika kwa urahisi, ni zuri. Likibaki kama mpira unaong'aa, ni mfinyanzi. Lisiposhikana kabisa, ni mchanga.

Tofautisha udongo wa juu na udongo wa chini. Udongo wa juu una rangi iliyokolea, una mabaki ya mimea na uhai ndani yake. Wa chini aghalabu ni mweupe au mwekundu mtupu, na unafaa kujazia tu. Kifusi chenye vipande vya matofali, vioo na plastiki kisikaribie tuta la kupandia. Kama udongo umechanganywa na mboji au samadi, fanya jaribio la maharage: panda punje chache kwenye mkebe wenye udongo huo na nyingine kwenye udongo unaouamini, kisha subiri wiki mbili au tatu. Majani yakijikunja na kuwa na umbo lisilo la kawaida upande mmoja tu, kuna mabaki ya dawa ya magugu. Wiki tatu ni muda mrefu unapokuwa na hamu ya kuanza, lakini bustani iliyotiwa udongo wenye dawa hiyo inaweza kuteseka kwa misimu kadhaa.

Kabla hujaongeza udongo mahali penye mti mkubwa, simama. Mizizi inayofyonza maji na hewa iko karibu na uso wa ardhi, mingi ndani ya sentimita 30 hadi 60 za juu, na inaenea mbali kuliko matawi. Ukiifunika kwa tabaka nene la udongo mpya unaikosesha hewa. Vivyo hivyo, udongo usipandishwe ukutani hadi kufunika tabaka la kuzuia unyevu, lile lililojengwa ndani ya ukuta karibu na ardhi. Uwe chini yake kwa sentimita 15.

Kwa kokoto, swali la kwanza ni kona. Kokoto zilizopondwa kwa mashine zina kona zinazoshikana, na ukizishindilia zinakuwa kitu kimoja. Changarawe za mtoni ni za mviringo, zinavutia macho, lakini huteleza na kuviringika. Usiziweke mahali pa gari wala kwenye mteremko. Msingi unahitaji kokoto za ukubwa mchanganyiko pamoja na vumbi lake, kwa sababu vumbi hujaza mianya na kufunga. Mfereji wa kuchuja maji unahitaji kinyume chake kabisa: kokoto zilizooshwa, za ukubwa mmoja, zisizo na vumbi, ili maji yapate mianya ya kupita. Ukiagiza "kokoto" bila kusema hivyo unaweza kuletewa zile za msingi ukazifukia kwenye mfereji, na mfereji ukaziba.

Njia ya miguu inatosheka na msingi wa sentimita 7 hadi 10 uliokwisha kushindiliwa. Mahali pa gari panataka 15 hadi 20, na mfinyanzi laini hutaka zaidi. Juu yake, sentimita 4 au 5 za kokoto safi zinatosha. Watu hudhani tabaka la juu likiwa nene ni bora, kumbe likizidi, miguu huzama na kutembea kunachosha kama kwenye mchanga wa pwani. Kati ya ardhi na msingi weka kitambaa cha jiotekstaili, kinachopitisha maji huku kikizuia tope lisipande na kokoto zisizame. Karatasi ya plastiki haichukui nafasi yake, kwa kuwa maji hutuama juu yake.

Hatua ya 4: Tafuta mafundi, kisha tazama kazi zao za zamani

Fundi wa karibu ana faida tatu za kweli. Anaijua ardhi ya eneo na tabia ya mvua zake, anajua udongo na kokoto nzuri zinakotoka, na kazi ikiharibika hayuko mbali. Faida ya tatu ndiyo kubwa. Mtu ambaye jina lake linatajwa mtaani ana sababu ya kurudi kurekebisha.

Waulize majirani wenye bustani unazozipenda. Waulize wanaouza mchanga na kokoto, maana wao huona nani anaagiza vifaa vinavyofaa na nani anaagiza vya bei ya chini kila mara. Pata majina matatu au manne.

Usiridhike na picha za simu. Karibu kila kazi hupendeza ikipigwa picha jioni ile ilipomalizika. Omba kuona kazi iliyopita walau msimu mmoja wa mvua, na nenda naye au nenda peke yako. Ukifika, tazama kingo: je, kokoto zimemwagikia kwenye nyasi? Tazama njia ya magurudumu: kuna mabonde? Tazama mashina ya miti. Tazama sehemu za chini za mteremko kama matandazo yamesombwa na kukusanyika huko. Halafu muulize mwenye nyumba swali moja: kulitokea tatizo gani, na fundi alifanya nini? Kila kazi ina tatizo. Jibu la nusu ya pili ndilo unalolitafuta.

Hatua ya 5: Mlete eneo la kazi na usikilize anachouliza

Mpe kila fundi maelezo yaleyale na michoro ileile, ili bei zao zilinganishwe. Kisha nyamaza kidogo. Fundi anayeijua kazi ataanza kuuliza yeye: maji yanakwenda wapi, gari la uzito gani litapita, lori litaingilia wapi, chini kuna nini. Atachimba kidogo kwa kisigino au kwa jembe aone udongo. Anayesimama getini, akatazama mara moja na kutaja bei, anakadiria mfuko wako.

Nawe uliza. Utachimba kina gani, na kwa nini kina hicho? Utashindilia kwa kifaa gani? Jibu zuri ni mashine ya kushindilia, kwa tabaka zisizozidi sentimita 10 kila moja, huku kokoto zikinyunyiziwa maji kidogo. Kukanyaga kwa miguu hakushindilii msingi. Kwa njia ndogo ya bustani shindilio la mkono linaweza kutosha, na fundi mkweli atakuambia hivyo. Kingo utaziweka vipi? Wangapi watakuja, nani atawasimamia, na wewe mwenyewe utakuwepo? Kibarua akiumia kwenye eneo langu, gharama ni ya nani? Swali hili la mwisho huwa gumu kulitoa, lakini litoe. Kama ana bima, aonyeshe hati. Kama hana, mkubaliane waziwazi na kwa maandishi kabla ya mtu yeyote kunyanyua jiwe.

Kuna pia swali la kumjaribu: mwambie ungependa kupunguza gharama kwa kuondoa msingi. Fundi mzuri atakukatalia, au atakuambia upunguze upana wa njia badala ya kina chake. Nimewahi kuchagua mtu kwa jibu hilo peke yake, na sijajuta.

Hatua ya 6: Bei, maandishi na malipo

Omba bei iliyochanganuliwa: vifaa kwa mita za ujazo, usafiri, kuchimba, kuondoa taka, kukodi mashine, na ufundi. Bei ya jumla isiyo na mchanganuo haiwezi kulinganishwa na nyingine. Ukikuta mmoja yuko chini sana, angalia kina alichoandika. Mara nyingi tofauti yote iko hapo.

Kazi inayojulikana vipimo vyake ifanywe kwa bei moja ya mapatano. Malipo ya siku yanafaa pale ambapo hakuna anayeweza kujua kilicho chini, kwa mfano kuondoa visiki au kifusi cha kale, na hata hapo weka kikomo cha siku.

Maandishi hayahitaji lugha ya mahakama. Kwa njia tuliyoipima, aya kama hii inatosha:

"Fundi atatengeneza njia ya kokoto yenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 1.2. Atachimba kina cha sentimita 14 na kuuhamishia udongo wote mahali walipokubaliana. Atashindilia ardhi, atatandika jiotekstaili kwa kupishanisha sentimita 30 kwenye maungio, ataweka msingi wa kokoto mchanganyiko na vumbi lake wenye unene wa sentimita 10 baada ya kushindiliwa, kisha kokoto safi za milimita 10 hadi 14 kwa unene wa sentimita 4. Kingo zitawekwa pande zote mbili. Njia itainama sentimita 2 kwa kila mita ya upana kuelekea bustanini. Mwenye nyumba ataitwa kuona kila tabaka kabla halijafunikwa. Kazi ya ziada haitaanza kabla bei yake haijaandikwa."

Ongeza tarehe ya kuanza, ya kumaliza, na sahihi za wote wawili.

Malipo yafuate tabaka. Gharama ya vifaa inaweza kulipwa vinapofika, na ikiwezekana mlipe mwuzaji moja kwa moja. Ufundi ulipe sehemu baada ya kuchimba, sehemu baada ya msingi kushindiliwa nawe umeupima, sehemu baada ya kumaliza. Bakiza kiasi kidogo, mathubutu lakini kisichomwumiza fundi, hadi mvua ya kwanza kubwa ipite. Mweleze hilo tangu mwanzo na liandikwe, maana kumzuilia mtu ujira wake bila makubaliano ni dhuluma. Wewe nawe lipa siku ileile uliyoahidi. Vibarua wanangojea fedha hiyo jioni.

Hatua ya 7: Siku ya vifaa kufika

Uwepo. Kabla lori halijamwaga, panda au tumia kamba upime sanduku lake: urefu, upana, na kina cha mzigo wenyewe, si cha ubao. Zidisha. Kama uliagiza mita za ujazo 5 na hesabu inatoa 3.8, zungumza sasa, kwa sababu lundo likiwa chini hakuna tena wa kulipima kwa uhakika. Tazama pia katikati ya mzigo, si juu tu. Chota kidogo, nusa, finyanga. Kama sicho ulichoagiza, kirudishwe.

Chagua mahali pa kumwaga mapema na uweke vigingi. Lori lililojaa lisipite juu ya shimo la maji taka wala juu ya mabomba yaliyo karibu na uso. Tazama juu pia: tipa likiinua sanduku lake linaweza kufikia nyaya za umeme. Kokoto zisimwagwe juu ya mizizi ya mti. Tandika turubai chini ya lundo la udongo au matandazo, na ulifunike kama mvua inakaribia.

Hatua ya 8: Wakati wa kazi

Udongo uliolowa usiguswe. Ukiukanyaga na kuuchimba ukiwa tope unaua mianya yake ya hewa, na utakauka kuwa kama tofali. Fundi akisema tusubiri siku mbili baada ya mvua, mshukuru.

Vumbi la kokoto lina chembe za silika zinazoharibu mapafu, kwa hiyo linyunyiziwe maji na wafanyakazi wavae barakoa. Anayeshika mboji avae glavu, anawe mikono kabla ya kula, na asiinamishe uso kwenye mfuko anapoufungua, kwa kuwa mboji inaweza kuwa na bakteria wanaosababisha homa kali ya mapafu. Kuwapa maji ya kunywa na kivuli ni wajibu wako.

Kisha ziko zile nyakati tatu ambazo hupaswi kuzikosa hata kama una shughuli nyingine. Ya kwanza ni shimo likiwa wazi: chovya fimbo yenye alama za sentimita sehemu tano tofauti. Ya pili ni kitambaa kikiwa kimetandikwa, uone maungio yamepishana. Ya tatu ni msingi ukiwa umeshindiliwa: piga kisigino kwa nguvu, na kama kinaacha alama bado haujashikana. Weka pimamaji juu ya ubao ulionyooka ukague mteremko. Karibu na nyumba ardhi iteremke kutoka ukutani, na kipimo kinachotumika sana ni sentimita 15 katika mita 3 za mwanzo. Piga picha kila tabaka ukiwa umesimamisha fimbo ya kupimia ndani ya picha. Siku bomba likipasuka miaka sita ijayo, picha hizo zitamwambia fundi mwingine achimbe wapi.

Ukiona kosa, zungumza na msimamizi, usimwelekeze kibarua. Mtu mwenye mabosi wawili hafanyi kazi ya yeyote.

Hatua ya 9: Kupokea kazi

Pitia maandishi yako mstari kwa mstari ukiwa na fundi. Kwenye matandazo, tumbukiza fimbo sehemu kadhaa, hasa katikati ya tuta na nyuma ya vichaka, ambako unene hupungua. Fungulia bomba la maji juu ya njia kwa dakika kumi na utazame yanakoelekea. Sukuma toroli lililojaa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kagua mashina yote yako wazi.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, rudi nje na simu yako kama ulivyofanya mwanzoni, piga picha mahali palepale, ulinganishe. Pakiwa shwari, mpigie fundi simu siku hiyohiyo aje achukue salio lake. Pakiwa na dimbwi, mpigie vilevile, aje alione likiwa bado na maji.

Matandazo yatakuwa yameoza na kupungua baada ya mwaka mmoja au miwili. Usiagize mzigo mzima kwa mazoea. Pima kwanza kilichobaki kwa fimbo ileile, ulegeze kwa reki tabaka lililogandamana, kisha ujazie sentimita zilizopungua tu.